Baiskeli bila taa, bado anaweza kudai

Dada, usikubali hilo neno la mtu wa bima kwamba mdogo wako hana lake kwa sababu matatu ilimgonga usiku akiendesha baiskeli bila taa. Hapa Kenya mahakama hugawa lawama. Akipatikana na asilimia 30 ya kosa, kwenye fidia ya shilingi 500,000 (mfano tu) anabaki na 350,000. Dereva naye ana maswali yake: mwendo ulikuwa gani, na taa zake zilimulika wapi? Kugongwa kwa nyuma chini ya mlingoti wa taa si sawa na kuchomoka gizani kutoka kichochoroni.

Kwa hiyo rudini pale saa ileile ya usiku mpige picha. Baiskeli msiipeleke kwa fundi! Kile kirifleketa (kiakisi mwanga) chekundu cha nyuma, hata kama kimepasuka, ni ushahidi. Chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali; P3, fomu ya polisi ya majeraha, ijazwe na daktari. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu ajali. Na karatasi ya bima ya "malipo ya mwisho" asiisaini kabla wakili wenu hajaisoma.