Kasi ya bastola haiko kwenye kidole

Ukienda Kirigiti pale Kiambu siku ya mechi ya IDPA, yale mashindano ya bastola ya kujilinda, hata ukifumba macho utajua nani mgeni. Taima ikilia tu anamwaga, pa-pa-pa-pa, alafu msimamizi akianza kusoma tageti ndio sura inabadilika.

Hebu tupige hesabu manake watu huikwepa sana. IDPA siku hizi kila pointi unayopoteza inaongezwa sekunde nzima kwa muda wako, zamani ilikuwa nusu. Sasa wewe umeharakisha risasi ya pili ukaokoa robo sekunde, ikatoka kwenye duara la katikati ya tageti ikaangukia pembeni, pointi moja imeenda. Umeokoa robo umelipa nzima. Ikienda mbali zaidi, pale pa pointi tatu, unalipa sekunde tatu, ukikosa tageti kabisa ni tano, biashara gani hiyo jamani? IPSC, mashindano mengine ya kulenga shabaha, ni tofauti kidogo, huko pointi zinagawanywa kwa sekunde kwa hivyo kukimbia kunalipa zaidi, lakini hata huko A, yaani katikati ya tageti, ni pointi 5 na D ya pembeni kabisa ukipigia risasi za nguvu ndogo ni 1 tu.

Kasi yenyewe iko kwa vitu visivyopiga kelele. Kuchomoa kwa holsta, kubadilisha magazini, kufika kwa kona bastola ikiwa tayari iko juu, na zaidi ya yote kuhama tageti. Risasi ikishatoka tu macho yarukie tageti inayofuata, na yashike kadoa kamoja katikati, mikono itakuja yenyewe. Wengi wanasukuma bastola kwanza ndio watafute na macho, wanapitiliza, wanarudi, sekunde zinaisha hapo.

Na hayo yote unafanyia nyumbani bila kuchoma pesa ya risasi, dakika kumi jioni zatosha. Ila risasi zitoke chumbani kabisa, si kuwekwa mezani, magazini nje, chemba uiangalie kisha uipapase na kidole, na bado usielekeze mahali kuna mtu nyuma ya ukuta. Kama ni bastola ya .22 weka risasi bandia ndani, zingine hazipendi kufyatuliwa tupu.

Usahihi sasa. Wewe ni wa mkono wa kulia na risasi zinaenda chini kushoto kila saa? Wacha kugusagusa saiti, vile vya kulengea juu ya bastola. Mwambie rafiki akuchanganyie risasi bandia kwa magazini bila wewe kuona. Ukifika kwa ile bandia utasikia tik, na ukiona mdomo wa bastola umeinama vile unapiga salamu, basi ni wewe unaogopa mshindo kabla haujafika. Mkono wa kushoto ndio ubane sana, wa kulia ulegee kiasi kidole kiende peke yake bila kuvuta ngumi nzima. Rudia hiyo ya bandia kila ukienda reinji, hata ukishakuwa mkali, manake huo woga hurudi kimyakimya.