Mzee ana nyonga ya chuma na maumivu yamerudi? MRI inawezekana

Jamani kama nyumbani kuna mzee aliyebadilishiwa nyonga na bado analalamika, soma hii. Mama alibadilishiwa ya kulia akapona vizuri tu, anaenda mwenyewe soko la Majengo na kurudi, halafu maumivu yakarudi ubavuni mwa nyonga, akilalia ule upande usingizi hamna, akitembea anachechemea. Eksirei ikapigwa, tukaambiwa chuma kimekaa sawa, tukapewa dawa za maumivu basi.

Eksirei lazima ianze, hilo sipingi, inaonyesha kama chuma kimelegea au mfupa umevunjika. Ila misuli, kano na maji yaliyojikusanya pembeni ya chuma huwezi kuyaona vizuri humo, hayo ni ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa. Sasa kuna sehemu tulienda wakakataa kabisa eti mwenye chuma haingizwi kwenye sumaku, na iliniuma sana, maana mzee anateseka bure. Nyonga bandia nyingi ni titani au kobalti na kromu, sumaku haiing'oi. Tatizo ni picha, chuma kinaivuruga, panabaki doa jeusi palepale unapotaka kuona. Kwahiyo muulize mtaalamu wa mionzi kabla hamjalipia: mashine yenu ina mpangilio wa kupunguza mvurugo wa chuma? Na usikimbilie mashine yenye nguvu zaidi, ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa kawaida inatoa picha safi kuliko ya tesla 3, maana sumaku ikizidi na mvurugo unazidi.

Kwa mama ilionekana kano inayoshika msuli wa kalio kwenye mfupa wa paja imechanika. Ndo maana anachechemea, yani chuma hakina kosa!

Hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa wana MRI. Nendeni na karatasi za upasuaji, hasa ile yenye stika ya aina ya nyonga, na kama mgonjwa ana betri ya moyo semeni mapema kabla hajaingia. Kama kikombe cha nyonga bandia na kichwa kinachozunguka ndani yake vyote ni chuma, mfano zile nyonga aina ya ASR za kampuni ya DePuy zilizoondolewa sokoni 2010, ulizeni pia kipimo cha damu cha kobalti na kromu, maana zikisagana zinaweza kuleta uvimbe unaokula misuli kimyakimya.

Ila akiwa na homa au kidonda kinatoa usaha msikae kusubiri foleni ya MRI, mpelekeni siku hiyohiyo apimwe damu, na daktari akiona inafaa avute maji ya kwenye nyonga kwa sindano.