Shahada ya sheria pekee haimfanyi mtu wakili

SWALI: Mwanangu kamaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kapata D mbili na E. Anataka kusoma sheria. Akihitimu atakuwa wakili? – Mzazi, Tabora

JIBU: Bado, mzazi. D mbili ni pointi 4, kiwango cha chini kabisa cha kuingia chuo kikuu, na nafasi hugombaniwa. Aombe vyuo kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam shahada hiyo ni miaka 4. Kisha aende Shule ya Sheria kwa Vitendo, nako ndiko wengi hukwama: mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26.

Tatizo kubwa tunaloliona ni uandishi. Mtu anakariri kesi lukuki, lakini akiandika hati ya madai (hati ya kufungulia kesi) anasahau kutaja chanzo cha mgogoro kilitokea lini, thamani ya madai, na kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka. Likizo akasikilize mashauri Mahakama Kuu hapo Tabora. Milango iko wazi, hakuna kiingilio.

Akifaulu Shule ya Sheria ndipo anaomba kwa Jaji Mkuu aapishwe uwakili. Uhakimu nao uko wazi kwake, au uofisa sheria wa halmashauri, ambako migogoro ya ardhi haiishi.