Santuri za zamani: shika kwanza, ndo utoe hela

Wadau wa santuri, kabla hujalipa pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au kwa mzee wa Tukuyu anayeuza kasha la santuri za marehemu baba yake aliyerudi nazo toka migodini Zambia au Sauzi, jua kwanza sahani imetengenezwa kwa kitu gani, maana bei, sindano na usafishaji vyote vinategemea hapo.

Huku kwetu utakutana zaidi na shelaki na vinaili, ambayo ni aina ya plastiki. Shelaki ni utomvu wa wadudu wa Asia uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo ni nzito na ngumu. Mi napitisha kidole ukingoni, nyingi zimemeguka meguka pale, af nagonga taratibu na ukucha: shelaki inalia kavu kama kigae, vinaili mlio wake ni mzito umefifia. Ila usiikunje kujaribu! Shelaki haikunjiki, inakatika.

Wengi wanaangalia mwaka tu, na hapo ndo wanapotea. LP (sahani kubwa za mizunguko 33 kwa dakika) za vinaili zilianza Marekani 1948, za mizunguko 45 zikafuata 1949, lakini zile za mizunguko 78 za shelaki huku Afrika na India ziliendelea mpaka miaka ya 60, yaani wimbo wa enzi za uhuru unaweza kuwa kwenye sahani ya kuvunjika. Soma spidi kwenye lebo: 78 karibu zote ni shelaki, 33 na 45 ni plastiki.

Af jamani, spiriti! Nilimwona muuzaji anafuta 78 ya inchi 10 mbele ya mteja, pamba ikatoka nyeusi tii, mteja anafurahi uchafu umetoka, kumbe ni shelaki yenyewe inayeyuka, na mng'ao wa mistari (vijifereji vya sauti) ukapotea palepale. Ukungu (kuvu) wa unyevu wa mvua za Rungwe unatoka kwa maji ya baridi na sabuni kidogo sana, lebo isilowe, kausha na kitambaa laini. Sindano nayo: 78 inataka pana, karibu mara tatu ya ile ya LP, na sindano ya chuma ya gramafoni usiiweke kabisa kwenye vinaili, inachimba mistari.

Ukichungulia tundu la katikati ukaona bati linang'aa chini ya rangi nyeusi, hiyo sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye sahani yenyewe wakati wa kurekodi, kama walivyofanya redioni zamani, na mara nyingi nakala ni hiyo hiyo tu. Nunua, ila usiipige nyumbani wala kuifuta, tafuta kwanza fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta.