Mamamkwe anataka kumpa mtoto maji na asali

Dada, hongera kwa kujaaliwa. Umesema mtoto ana siku 9, wakwe wametoka Malindi wakae nanyi hapa Lamu hadi arubaini, na bibi yake anataka kumpa maji na asali kwa kuwa joto limezidi. Yalinifika mimi pia, hapa hapa Langoni.

Maji usimpe. Maziwa yako yanamtosha mpaka miezi 6, hata joto la kaskazi lichome vipi. Asali ndiyo hatari zaidi: kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, yaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli. Lakini usibishane naye wewe. Mumeo aseme na mamake, faraghani. Mimi nilimwomba mamamkwe anikande na kunipikia uji wa pilipili manga. Akapata shughuli yake, kijiko cha asali kikasahaulika. (Uji ule, wallahi, bado nautamani.)

Kitovu kiwe kikavu, bila majivu wala mafuta. Kama hospitali walikupa dawa ya kupaka, hiyo tu. Mwenye mafua aishie barazani.

Akipata homa ya 38 au zaidi, akikataa kunyonya, au kitovu kikinuka, usingoje kuche, mpeleke hospitali. Nawe ukitokwa na damu nyingi, vivyo hivyo.