Wastani wa Pweza Umegeuka Ukurasa wa 7

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nakusanya takwimu za pweza diko la Kigombe na kuzichambua kwa R, programu ya takwimu. Wastani na grafu nazinakili kwenye Word. Juzi bosi kaniuliza mbona ukurasa wa 3 unasema kilo 2.1 kwa safari, na jedwali la ukurasa wa 7 linasema 1.8. Sikuwa na jibu. Tena mwenzangu kaendesha msimbo wangu kwenye kompyuta yake, ukakwama mstari wa pili. Nifanyeje? – Msomaji, Kigombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaliyokukuta yalinikuta Sahare. Niliandika pweza mmoja kilo 45 badala ya 4.5. Nilipogundua, nikasahihisha data, nikaendesha msimbo upya, jedwali likakaa sawa. Ile sentensi niliyoichapa kwa mkono kwenye Word ikabaki na wastani wa zamani, na ndiyo niliyowasomea wavuvi. Mzee mmoja akauliza, "Bamvua gani hilo tulipata hivyo?" Wale ndio waliosimama kwenye mzani wakanipa takwimu zao. Walistahili tarakimu ya kweli.

Tangu siku ile tarakimu ya matokeo siichapi kwa mkono. Maelezo na msimbo vinakaa faili moja. Wazo lenyewe ni la zamani: mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alilieleza mwaka 1984, Friedrich Leisch akawaletea watumiaji wa R programu ya Sweave mwaka 2002, ikafuata knitr ya Yihui Xie, na leo tuna Quarto, programu ya kutoa ripoti, ambayo ni ya bure. Andika Kiswahili chako kama kawaida. Panapotakiwa wastani, katikati ya sentensi, weka hivi:

Kila safari ilileta kilo `r round(mean(pweza$kilo), 1)`.

Ukitoa ripoti, R inakokotoa na kuijaza tarakimu pale pale. Sahihisha data, toa upya, na ukurasa wa 3 na wa 7 vitasema neno moja.

Kuhusu mwenzako, tazama mstari unaosoma data. Kama umeanza na C:/Users na jina lako, njia hiyo iko kwenye kompyuta yako peke yake. Weka data kwenye folda ndogo iitwayo data, ndani ya folda ya ripoti, uandike "data/pweza.csv", kisha mpe folda nzima.

Mara ya kwanza Quarto itakugomea, iseme kitu fulani hakipo, nawe unakiona kwenye skrini. Usiikasirikie. Inaanza na R tupu, haijui ulichochapa jana usiku pembeni, nje ya faili. Hicho kilichokosekana ndicho kilichomkwamisha mwenzako. Kiingize kwenye faili. Kama unachagua sampuli kwa bahati nasibu, tangulia na set.seed ili sampuli itoke ile ile kila mara, na mwisho wa ripoti weka sessionInfo() ili ijulikane ulitumia matoleo gani ya R na vifurushi vyake.

Bosi akitaka Word, Quarto inatoa Word. Ukimtumia HTML, yaani ripoti inayofunguka kwenye kivinjari, kwa WhatsApp, juu ya faili, chini ya format na html, andika embed-resources: true. Bila hiyo grafu zinabaki kwenye folda nyingine kwako, naye anafungua ukurasa wenye mapengo.

Usihamishe ripoti nzima kwa siku moja. Anza na ile sentensi ya ukurasa wa 3, kabla ya bamvua lijalo kukuletea data mpya.