Mchicha wa kando ya lami: chumvi haiondoi risasi

Mkuu, umeuliza kama mchicha unaoulima hatua sita kutoka kwenye lami una sumu kama anavyodai jirani yako, na kama kuuloweka kwenye maji ya chumvi kunatosha. Mimi nililima mboga kando ya Barabara ya Mandela hapa Dar, upande wa Tabata, kuanzia 2009 hadi 2018. Wanangu walikula kwenye matuta yale yale niliyokuwa nawauzia watu, kwa hiyo suala hili haliniishii mdomoni. Jirani yako ana hoja: shida ni risasi, ile metali yenye sumu (lead), na ndugu zake. Na chumvi haisaidii.

Kilichonishtua kwanza ni beseni. Kulikuwa na mama ntilie aliyekuwa akichukua mafungu kumi kila asubuhi. Siku moja ya kiangazi akaniita: "Kaka, hebu njoo uone maji yangu." Alikuwa ameosha mchicha mara moja tu, na maji yalikuwa meusi yenye utelezi. Udongo wetu pale ni wa kichanga na rangi yake ni ya kahawia, hauwezi kutoa maji ya namna ile. Ule weusi ulikuwa wa barabarani: masizi ya dizeli, unga wa matairi, unga wa breki. Ile barabara inapitisha malori ya bandarini yanayokwenda mpaka Zambia na Kongo, na kila lori likikanyaga breki kwenye foleni kuna kitu kinasagika. Raba ya tairi hutengenezwa kwa kuchanganywa na zinki, na ile zinki mara nyingi hubeba kidogo kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Pedi nyingi za breki zina shaba. Vyote hivyo hurushwa na upepo, vikatua kwenye jani lako.

Utaniambia, petroli siku hizi haina risasi. Kweli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondolewa. Lakini risasi haiozi, na haiyeyuki ikaondoka na mvua kama chumvichumvi ya mbolea. Inashikamana na udongo wa juu na kubaki pale pale, sentimeta chache kutoka juu, kwenye kina kile kile ambacho jembe la mkono linafika. Magari yaliyopita hapo miaka ya themanini na tisini bado yamo kwenye tuta lako.

Baada ya lile beseni nilimpa nafasi kijana mmoja wa chuo aliyekuwa akitafuta mahali pa kufanyia mradi wake. Shamba langu lilikuwa jembamba na refu, linaanzia kwenye mtaro wa barabara na kuishia kwenye ukuta wa nyumba za nyuma. Akachukua udongo na majani sehemu tatu: mtaroni, katikati, na ukutani. Majibu yalipotoka, risasi ilikuwa juu mtaroni na ilishuka kila alipokwenda nyuma, kwenye udongo na kwenye majani pia. Akanionyesha na utafiti uliofanyika Kampala, uliochapishwa 2006, ambao ulikuta hali kama hiyo kwenye mboga za kando ya barabara zenye magari mengi. Wale walipendekeza mboga za majani zilimwe kuanzia mita 30 kutoka barabarani. Hatua zako sita hazifiki hata mita tano.

Jambo ambalo lilinikaa kichwani kuliko yote ni hili: risasi na kadimiamu haziingii kwenye mboga kwa njia moja. Risasi nyingi inayoingia kupitia mizizi huishia huko huko kwenye mizizi. Ile unayoikuta kwenye jani, sehemu kubwa imetua kutoka hewani au imerushwa na matone ya mvua yakipiga udongo. Hiyo unaweza kuipunguza sana kwa maji mengi, jani moja moja, ukisugua kwa vidole na kubadilisha maji mara tatu. Maji matupu yanatosha, kazi inafanywa na vidole. Kadimiamu ni tofauti. Mzizi unaivuta, inapanda mpaka kwenye jani, na iliyomo ndani haioshwi wala haiungui jikoni. Uchemshe usichemshe, metali ni metali.

Kosa langu kubwa lilikuwa maji. Masika nilikuwa nafungua mtaro wa barabara ili maji yaingie kwenye matuta, nikijiona mjanja kwa sababu bili ya maji ilipungua. Kumbe mvua ile ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayoikosha lami, na mimi nilikuwa naikaribisha shambani. Miaka minne nilifanya hivyo. Kama unafanya, acha leo. Inua tuta la udongo upande wa barabara ili maji yapite mbali.

Baada ya hapo nilipanga shamba upya. Kipande cha mbele niliacha kabisa kulima chakula, nikaweka miche ya maua na miti kwenye viriba, kama unavyoona kwenye bustani nyingi za barabarani, na kwa kweli iliniingizia zaidi ya mchicha. Nyuma yake nikapanda ua wa michongoma, nikauacha ukafunga, unazuia vumbi vizuri. Katikati nikaweka bamia na nyanya chungu, maana matunda hubeba metali hizi kidogo kuliko majani, na huoshwa kirahisi. Mchicha na matembele vikahamia ukutani. Matuta niliyatandaza nyasi kavu ili mvua isirushe udongo kwenye majani. Niliongeza samadi na mboji kila msimu, na chokaa ya kilimo kidogo, kwa sababu udongo wenye tindikali huiachia kadimiamu upesi. Mboji ya jalalani usiiguse. Niliwahi kununua kiroba nikakuta betri za redio ndani.

Sasa la watoto, ambalo hukuuliza. Mtoto mdogo hapati risasi kwa mboga peke yake, anapata kwa mkono aliouchezesha kwenye vumbi kisha akautia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na inaumiza ubongo unaokua. Wangu niliwakataza kuchezea mtaroni, na viatu vya shambani vilibaki nje ya mlango. Na kama mkeo ni mjamzito na anakula udongo, asichimbe hapo hata kijiko kimoja.

Kitu kimoja kinaweza kubadilisha jibu langu lote. Kama karibu na shamba lako kuna gereji au mtu anayepasua betri kuukuu za magari, acha habari za mita 30, hapo usilime chakula kabisa. Owino Uhuru, mtaa wa makazi kule Mombasa, iliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, barabara haikuhusika, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kwa hiyo niambie mtaro wa barabara yako unamwaga wapi, na juu ya mteremko kuna shughuli gani. Ukiweza weka na picha, nitakuchorea pa kuhamishia matuta.